Boksi Halikualikwa

Sensa ninayoisema si ile ya kuhesabu watu,
karani mlangoni, kishikwambi mkononi,
mmelala wangapi humu usiku wa kuamkia leo?
Hii ni ya kamera, kigae kidogo kama stempu mbili,
nacho huulizwa swali karibu lilelile:
umelaza vivuli vingapi, mwanga kiasi gani,
na usitudanganye.

Kiwanda kilijibu: stopu kumi na tano.
Imeandikwa kwenye boksi, kwa dhahabu.
Muuzaji wa Mtaa wa Aggrey akalipapasa boksi kama shavu la mtoto.
Mimi nimezaliwa Kariakoo.
Najua gunia la viazi lililovishwa kilemba,
najua lumbesa nikiiona,
hata ikiandikwa kwa dhahabu.

Nikaipeleka Buguruni, kwa Yusto Lyakurwa,
mtu wa eksirei, miaka ishirini na miwili hospitalini
akitafuta ufa wa unywele
ndani ya mfupa wa mtu anayelia.
Sasa ana chumba kisicho na dirisha,
kuta nyeusi kama ubao wa shule,
taa moja, na mbele ya taa ukanda wa vioo,
kila kimoja kikila nusu ya mwanga wa jirani yake
mpaka cha mwisho, ambacho ni giza lenye adabu.

"Nangoja chenga zianze kuongea kuliko kitu chenyewe.
Hapo naacha kuhesabu."

Saa mbili asubuhi: kumi na mbili, nukta moja.
Saa saba, joto nyuzi thelathini na nne,
feni imezimwa isitikise stendi:
kumi na moja, nukta sita.
Mara ya tatu umeme ukakatika.
Tukakaa gizani, jasho lake likidondokea daftari.

Ipi ya kweli?
"Zote. Andika na saa, andika na joto.
Namba isiyo na saa ni uvumi."

Lakini ng'ambo wamepata kumi na nne.
Akacheka kwa pua.
"Wamepima kwenye baridi, tena picha wameipunguza kwanza
kama suruali ya kurithi; chenga zimebanana, zimenyamaza.
Si uongo, ni kipimo chao.
Harusi zako hazifungwi ndani ya friji.
Na hiki kivuli, tazama, kimepigwa pasi
kabla hakijafika kwenye faili. Laini mno.
Sipendi kivuli kisicho na kunyanzi."

Na wewe, mzee, nani anakupima?

Nilidhani atakasirika. Akafungua droo.
Ukurasa wa Machi: kamera saba,
namba zimekatwa kwa mstari mmoja, bado zasomeka,
pembeni: *Nimekosea. Kioo cha tisa kina ufa.*
Aliyeugundua ni Shukuru, fundi simu wa Mbagala,
aliyerudia kipimo kwa taa ya kuungaunga,
akapata vingine, akaja kugombana.
"Siku mbili tuligombana.
Ya tatu nikamnunulia chipsi."

Nikanunua kamera. Si kwa sababu ya namba.
Kwa sababu ya ule mstari.

Jumamosi, Ilala, saa saba na nusu,
Rukia juani, gauni linapiga kelele;
nyuma yake, ndani ya mlango, bibi yake mzaa mama,
buibui jeusi katika kivuli cheusi.
Nikaokoa gauni.
Usiku, kwenye kompyuta, nikamwinua bibi taratibu:
stopu moja, mkono;
mbili, pete, na hina iliyochakaa;
tatu, kidevu;
nne, mchanga mtupu, uso unachemka chenga.
Nikarudi kwenye tatu.

"Mbona macho ya bibi hayaonekani?"
Kamera imeishia hapo, Rukia.
"Mume wangu ameona boksi. Linasema kumi na tano."

Boksi halikualikwa, nikamwambia,
nikageuza picha, nikaandika nyuma kwa penseli:
saa saba na nusu. Nyuzi thelathini na tatu.
Bibi alikuwepo.